Jumapili kwa Mzee Jaku

Kiponda, Unguja Mjini
9 Machi, 1969

Kwa mwanangu Shemsa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzio wa skuli ya Paje, na kwamba ile homa niliyoisikia kwa ami yako Mabrouk imeshakwenda zake. Mimi mwili u mzima kiasi chake. Yaliyobaki utayasoma mbele.

Ami yako ndiye aliyenambia kuwa umeposwa. Alikuja karakana, akasimama mlangoni, akanieleza kama mtu anayetoa habari za jirani: mwalimu mwenzio, jina lake Mmanga, mtoto wa Bi Sichana. Kisha akanambia umemtaka yeye ndiye akuozeshe, si mimi. Nilikuwa nachonga mguu wa deski, patasi ikanitoka mkononi.

Sababu naijua wala sikulaumu. Lakini nataka ujue kuwa nnatafuta njia. Nilikwenda hospitali, daktari akanibonyeza ini, akanambia niache pombe. Nikamuuliza niiache vipi. Akasema niache tu. Nikaenda kwa sheikh, akaniandikia kombe, aya za zafarani sahanini. Asubuhi nikalinywa kwa imani, na magharibi nikawa Mwanakwerekwe kwa mgema wa tembo. Nyumbani nilijiambia nakwenda kuzuru kaburi la mama yako, liko huko huko. Na kaburi nililizuru kweli. Tatizo ni njia ya kurudi.

Sasa nimemsikia mtu anaitwa Mzee Jaku, Mtumbatu, baharia wa zamani, anatengeneza majiko ya mafuta hapa mjini Malindi. Masoud wa forodhani, niliyekuwa nikinywa naye, ndiye aliyenidokezea. Nilimwona kavaa kanzu safi, macho meupe, nikamuuliza anatumia dawa gani. Akasema hapana dawa. Kila Jumapili baada ya alasiri wanakaa watu kwa Mzee Jaku, watu wa namna yetu, wanazungumza, wanaondoka.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Nilipita mbele ya mlango, nikateremka hadi bandarini, nikarudi, nikapita tena, nikajifanya nasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Sikuingia. Leo tena ni Jumapili. Alasiri imeshaadhiniwa, na mimi nimekaa nakuandikia wewe ili nipate sababu ya kutokwenda.

Usimpe ami yako jibu la mwisho kwanza.

Baba yako,
Pandu


Paje
18 Machi, 1969

Kwa baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa dereva wa gari la huku. Homa imekwisha, alhamdulillahi, nami nshaanza kusomesha. Nashukuru umeniuliza. Wewe kikohozi chako vipi?

Mmanga ni mtu mtulivu, anasomesha hesabu. Mama yake, Bi Sichana, husokota kamba za usumba wa nazi, na hapa Paje watu humwendea kwa mashauri. Hacheki ovyo. Aliniuliza, "Baba yako yu hai?" Nikasema yu hai. "Basi kwa nini akuozeshe ami?" Nikamwambia baba ni mgonjwa. Sikusema uongo, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Baba, sitaki kukuumiza, ila umesema sababu unaijua, nami nataka tuwe tunazungumzia kitu kimoja. Siku ya hitima ya mama uliingia umelewa, ukawaangukia wasomaji wa Kurani, juzuu zikatawanyika sebuleni. Aliyeziokota ni mimi, mbele ya wanaume wote wale, na hakuna aliyenisaidia kwa vile kila mtu alikuwa akitazama chini. Wiki ile ile nikaomba uhamisho. Watu wanadhani nilipelekwa shamba. Nilijipeleka.

Kwa hiyo ahadi sikuombi. Ahadi zako ninazo nyingi. Ukiingia kwa huyo Mzee Jaku, niandikie umeona nini. Usipoingia, niandikie pia.

Ami nimemwambia asubiri.

Mwanao,
Shemsa


Kiponda
31 Machi, 1969

Mwanangu Shemsa,

Salamu nyingi, na kikohozi kinanisumbua asubuhi tu. Usishangae mwandiko, mikono haitulii.

Niliingia jana. Si kwa ushujaa. Nilikuwa napita mara ya tatu, Mzee Jaku akatoka kumwaga makapi ya kahawa, tukawa uso kwa uso. Akanambia, "Wewe ndiye unayepitapita. Ingia, kahawa inapoa." Hata jina hakuniuliza.

Ni chumba kimoja, kinanuka mafuta ya taa, madirisha yamefungwa, majiko yamefunguliwa kila pembe, watu wamekaa juu ya masanduku. Tulikuwa watano bila ya mwenyeji. Masoud nilishakutajia, na Mkristo mmoja mwashi, mtu wa bara, kila mtu Malindi anamwona akiingia pale. Wengine sitakutajia, na waliyoyasema sitakuandikia, kwa kuwa sharti la kwanza ni hilo: la pale linabaki pale. La Mzee Jaku naruhusiwa kulisema, mwenyewe humwambia kila mtu. Alikuwa mpishi wa meli. Katika bandari moja ya Ulaya alilewa hata meli ikamwacha, na waliomwokota ni walevi walioacha, waliokuwa wakikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Lugha yao hakuijua vizuri. Anasema alikaa nao msimu mzima wa baridi akitazama nyuso, na nyuso zilimtosha.

Hapana sheikh pale wala daktari. Mtu husema lake, wenzake wakanyamaza. Hakuna wa kumpa nasaha. Nilidhani hilo ni jambo dogo, kumbe sijapata kukaa mahali nikasema neno juu ya pombe bila ya mtu kunirukia. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina langu, nikasema nakunywa, nikakwama. Nilingoja waniulize. Hawakuniuliza. Mzee Jaku akasema, "Inatosha kwa leo."

Kutoka pale sikuweza kukaa. Nikazunguka Mkunazini, Hurumzi, Sokomuhogo, nikarudi Mkunazini. Miguu inataka Mwanakwerekwe, mimi naikatalia. Watu wakiniamkia nawajibu huku nnakwenda. Nyumbani niliingia baada ya isha, nimelowa jasho, sijanywa.

Leo ni leo. Kesho siijui.

Baba yako,
Pandu


Paje
25 Mei, 1969

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sote wazima. Barua zako zote zimefika, na hii ya mwisho mwandiko umenyooka mpaka Mmanga alidhani umeandikiwa na mtu.

Ndiyo, Mmanga anajua habari ya pombe. Nilimweleza tukisahihisha madaftari. Akauliza kama bado unakwenda kila Jumapili. Nikasema unakwenda. Akarudi kwenye madaftari yake. Mama yake hatujamwambia.

Nina swali, baba. Hivi mlevi hupona kwa kukaa na walevi? Mimi nilidhani mtu huwakimbia. Lakini sikatai, maana naona barua zako zimebadilika. Zamani ulikuwa ukiniandikia mambo ya kesho matupu.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Siku hizi wanaume kukaa chumbani madirisha yamefungwa, dini mbalimbali na makabila mbalimbali, si kitu ambacho majirani wataacha kukisema. Wewe unajua miaka hii ilivyo. Mwambieni mtu wa tawi la chama mapema, kabla hawajawauliza wao.

Ami anakusalimu. Nshamwambia pengine hatahitajika.

Mwanao,
Shemsa


Kiponda
14 Julai, 1969

Mwanangu Shemsa,

Nakusalimu sana, na namsalimu Mmanga. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikikaa kuandika nasimama. Hata sasa nimeandika mistari hii nimeshakwenda dirishani mara kadhaa.

Ulilolihofu limetokea. Nilimweleza Mzee Jaku maneno yako, akasema tukienda tawini itabidi tuseme sisi ni nani, na wapo ambao kazi zao zitaondoka. Tukaacha. Jumapili ya wiki iliyopita vijana wawili wakagonga mlango, wakatwambia tunatakiwa tawini sote, sasa hivi. Tukapitishwa njiani kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Mwenyekiti wa tawi ni Bwana Mjaka, si mtu mbaya, lakini ameambiwa na watu na lazima aulize. Alitukalisha kwenye benchi. Nje madirishani watu wamejaa. Akauliza tunakutana kwa nini. Mzee Jaku akasema tunakunywa kahawa. Akauliza kwa nini kahawa inywewe madirisha yamefungwa. Siri zetu Mzee Jaku ameahidi kuzitunza, na ule mdomo wake hautoi siri ya mtu hata ukimfunga. Bwana Mjaka akamgeukia mwashi, akamuuliza yeye mtu wa bara, Mkristo, ana shauri gani na Waislamu wa Malindi. Mwashi akatazama mikono yake. Kijana mmoja akasema hawa wapelekwe mbele, wataulizwa huko na wanaojua kuuliza.

Shemsa, sikupanga. Nilisimama kwa sababu nilishindwa kukaa.

Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, mimi Pandu, seremala wa Kiponda, ni mlevi. Nakwenda pale ili nisinywe."

Huko nje wakacheka. Bwana Mjaka hakucheka. Akauliza, "Na hawa?"

"Hawa waulize wenyewe. Mimi najua langu."

Mwashi akasimama akasema na yeye pia. Halafu mwingine, na mwingine. Masoud alikuwa wa mwisho, akanyanyua mkono tu. Bwana Mjaka akatutazama mmoja mmoja muda mrefu. Akasema tukutane, hana neno, lakini madirisha yawe wazi.

Basi sasa tunakaa madirisha wazi, na kila apitaye kichochoroni anatuona. Wawili wameacha kuja. Karakana wananiita Bwana Kahawa. Hayo nayavumilia. Ninachohofia ni masikio ya Paje, ndiyo maana nakuandikia uyasikie kwangu kwanza.

Baba yako,
Pandu


Paje
3 Agosti, 1969

Kwa baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya habari. Gari lililoileta barua ndilo hilo hilo lililotangulia kuwaleta watu waliokuwa dirishani. Bi Sichana alinijia nyumbani, hakukaa. Akasema nilimwambia baba yangu mgonjwa, kumbe ni mlevi aliyejitangaza mwenyewe tawini, na kwamba mlevi hana uwalii wa kumwozesha binti yake, na msichana anayeficha jambo la namna hii atamficha mwanawe mengine. Posa imesimama. Mmanga amejaribu kusema naye na hapati nafasi.

Najua uliwaokoa wenzio. Kila nikifikiri naona ulifanya haki, na kila nikitoka nje nakutana na macho ya watu. Naomba usiniandikie kwa sasa.

Shemsa


Kiponda
19 Oktoba, 1969

Mwanangu Shemsa,

Assalaam alaykum. Nakuombea afya kila siku, ingawa umenikataza kuandika, na nimejizuia mpaka sasa.

Nimekunywa.

Hakuna aliyeniona. Ilikuwa Jumanne, nilikwenda Mwanakwerekwe, na safari hii kaburini sikupita. Nilikunywa tembo mpaka nikalala chini ya minazi, nikazinduka jua kali, kazi imeshaanza. Ningeweza kunyamaza. Karakana niliwaambia ni homa, wakaniamini, ndipo nikaona nimeanza tena: uongo mdogo asubuhi, pombe jioni. Nikarudi kwa fundi mkuu nikamwambia ukweli. Sasa na wewe nakwambia.

Sisemi kuwa ni kwa sababu yako. Mzee Jaku aliponisikia nikilitaja jina lako, alivunja desturi yake, akanambia, "Mtoto usimtwike mtungi wako." Alisema kweli. Nilikunywa kwa kuwa nilikuwa nimeacha kwa ajili ya harusi, na harusi ilipokwenda sikujua nakwenda pale kutafuta nini. Jumapili iliyofuata nilikwenda bila ya kujua. Na Jumapili ya leo nimetoka huko sasa hivi. Bado sijui vizuri, lakini nakwenda.

Ramadhani inakuja. Ikiwa posa itafufuka, kwa huyu au kwa mwengine, akuozeshe ami yako. Nimemwambia mwenyewe. Nitakuja nikae nyuma, au nisije, utakavyoona wewe.

Huna haja ya kujibu.

Baba yako,
Pandu


Paje
11 Januari, 1970

Kwa baba yangu,

Shikamoo sana. Ramadhani na Idi zimenipita na barua yako iko chini ya mto. Niliisoma nikakasirika, nikaisoma tena nikalia, halafu nikawa naisoma tu. Mimi mzima. Kikohozi chako kimepungua?

Sikiliza yaliyotokea. Juzi Bi Sichana alikuja tena. Mara hii alikaa. Alikaa muda mrefu akisokota kamba mikononi, anauliza habari za skuli, habari za kuni. Nikajua ana jambo na halitoki. Mwisho akasema, bila ya kunitazama, "Huko anakokwenda baba yako, wanampokea na mtu wa shamba?"

Ni kaka yake, mjomba wa Mmanga. Mgema. Kwa miaka watu wanasema anaumwa kifua. Mwezi wa Ramadhani alianguka kutoka juu ya mnazi, akanusurika, na alipookotwa watu wote wakanusa pombe. Bi Sichana alikuwa akimfichia kwa umri wake wote, baba. Akanambia, "Nilikutukana kwa kitu ambacho mimi nakijua kuliko wewe." Nikampa chai.

Kisha tukazungumza. Alikwenda kumuuliza sheikh wetu juu ya uwalii. Sheikh alimjibu kuwa aliyetubia ni kama asiyekuwa na dhambi, na toba ikivunjika hufanywa nyengine. Sikumficha kuhusu Oktoba. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza, akasema, "Huyu anasema, hafichi." Posa imerudi, na kwa harusi wameitaja Ijumaa baada ya Idi kubwa.

Jumapili ijayo nitamleta mjomba mjini kwa gari la asubuhi. Bi Sichana atakuja naye. Sisi tutakaa barazani, hatutaingia.

Kuhusu nani ataniozesha: mimi nakutaka wewe. Lakini ukiwa siku ile hujiamini, useme, na ami atasimama. Sitakasirika kwa lolote utakalolisema. Nitakasirika kwa usilolisema.

Mwanao akupendaye,
Shemsa


Kiponda
4 Machi, 1970

Mwanangu Shemsa,

Salamu zangu kwako na kwa mume wako Mmanga, na kwa Bi Sichana. Natumai uchovu wa harusi umeshawatoka. Mimi mzima, kikohozi kimebaki kidogo.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, unaniuliza kwa niaba ya Bi Sichana, kaka yake husema nini kwa Mzee Jaku, na kama kweli hufika kila Jumapili anapopanda gari. Siwezi kukujibu, hata la kufika. Mwambie amuulize mwenyewe, na akianza kumjibu asimkatize.

La pili naweza. Nyinyi wanawake mlikuwa ndani, hukuona ilivyokuwa msikitini. Tulikubaliana na ami yako kuwa asubuhi ile atanitazama, na akiona sifai atatoa mkono wa kuozesha yeye, nami sitabisha. Tukakaa mbele ya sheikh. Ami yako akanigeukia, akanitazama machoni kama anavyotazama mbao kabla ya kuinunua. Akasogea pembeni, akanipisha mkekani.

Nilimpa Mmanga mkono. Sheikh akanitamkisha maneno. Kati yake nilikwama, nikasikia mtu nyuma anakohoa. Mmanga hakuvuta mkono wala hakunihimiza. Alingoja. Nikalitaja jina lako na la mama yako, nikamaliza.

Kisha ikawa biriani na vifijo, watu wananipongeza. Furaha nayo inanitia kiu, hilo sikuwahi kukwambia. Na minazi ya Paje, kila unapotazama imefungwa mitungi ya wagema. Nikainuka nikaenda pwani. Hukuniona nilipoondoka na nilishukuru.

Nilikuwa nshafika yalipofukiwa makumbi ya nazi niliposikia mtu nyuma yangu. Ni mjomba wa Mmanga, anachechemea kwa ule mguu alioangukia, amevua viatu, kavishika mkononi. Sikumuuliza amefuata nini, naye hakuniuliza. Tukatembea mpaka Bwejuu, tukageuka. Alinionyesha mahali samaki wanapoingia maji yakijaa, akanambia minazi gani ni yake na sasa amempa mwanawe aipande. Dereva wa gari la mjini alipopiga honi tulikuwa tumechoka sote wawili, na siku ilikuwa imepita.

Baba yako,
Pandu